Mchu: jinsi ya kuujua, kuchuma majani yake na kuyatumia kwenye ngozi bila kuuua mti

Watu wengi ukiwatajia mikoko wanaona ile yenye mizizi kama miguu ya buibui, basi, inayobaki yote wanaiita mikoko tu hata hawaangalii. Mi leo naongelea mchu, ule mti wa kijivukijivu ambao nyuma kabisa ya msitu, kule maji yanakofika siku za bamvua tu, yani siku za maji makubwa, unageuka kichaka kifupi ambacho watoto wanafungia mbuzi na mtu akifua nguo anatundika juu yake, yani umezoeleka mpaka hauonekani. Bibi yangu alikuwa hapiti pale bila kuchuma viganja viwili. Majani yalikuwa ya majipu, harara na upele, na kuni kavu za kufukuzia mbu jioni.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi kila nikifungua simu nakutana na mtu anauza unga wa "mikoko" anakwambia kunywa kijiko asubuhi kijiko jioni kisukari kinaisha. Ukimuuliza mkoko gani, hajui! Miti ya baharini huku kwetu iko zaidi ya aina nane, kila mmoja na mambo yake, huwezi kuitia yote kwenye kopo moja. Kwahiyo msimamo wangu nausema mapema usije ukasoma mpaka chini ukakasirika: mchu niliofundishwa mimi ni dawa ya nje, ya ngozi. Ya kunywa simo, na sababu nitazitoa.

Kwanza uujue mti wenyewe

Jina la kitaalamu ni Avicennia marina. Hiyo Avicennia ni Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa mwaka 980 upande wa Bukhara, Wazungu walimwita Avicenna, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipokuwa anaigawia mimea majina akaupa ukoo huu jina lake. Marina ni wa bahari. Aliyeuandika kitaalamu mara ya kwanza ni Forsskål, kijana aliyetumwa Uarabuni kukusanya mimea akafia Yemen mwaka 1763, kazi yake ikaja kuchapishwa 1775 yeye keshazikwa zamani. Mti wenyewe umetapakaa kuanzia pwani yetu hii, Bahari ya Shamu, Ghuba, India mpaka Australia na New Zealand, ndio maana utakuta watu wa mbali kabisa ambao hawajawahi kuonana wanautumia kwa mambo yanayofanana.

Ukitaka kuutambua usianze na majani, anza na ardhi. Inama uangalie tope. Mchu una vidole, vijiti vyembamba kama penseli vimechomoza wima kutoka chini, vingine havizidi kidole chako cha shahada vingine vinafika shubiri, na ukivitazama vizuri utaona havikutawanyika ovyo, vimejipanga mistari. Ule mstari ndio mzizi mkubwa unaopita chini kwa chini, vidole ni pua zake. Tope la pwani halina hewa, ukilichimba linanuka kama yai viza, kwahiyo mti unapandisha mizizi juu maji yakipwa ivute pumzi kupitia vitundu vidogo kwenye hayo maganda. Fuata mstari wowote utakufikisha kwenye shina. Mimi tulikuwa tunacheza hivyo utotoni, unachagua kidole kimoja unafuata, anayekosea mti anabeba ndoo za wenzake.

Hapo kuna mtego kidogo. Mlilana nao una vidole, ila vyake ni vinene, chini pana juu vimechongoka, kama karoti imegeuzwa kichwa chini, na mlilana unakaa mbele kabisa baharini. Mkoko mwenyewe una ile miguu ya juu, muia (wengine mnauita msinzi) mizizi yake imekunjwa kama magoti, mkomafi mizizi yake ni kama mbao zilizolazwa ubavu zinatambaa kama nyoka. Ukishaviona hivi vyote siku moja kwa macho yako hutosahau tena.

Alafu mchu una tabia ambayo wenzake hawana, unakaa mbele na unakaa nyuma, katikati wanakaa mikoko na mikandaa. Ule wa mbele unakuwa mti wa maana, shina nene, kivuli. Ule wa nyuma ndio kichaka, mwingine unakufika kiunoni na umri wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wako. Unadumaa kwa sababu kule nyuma maji yanafika kwa bamvua tu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, alafu jua linayakausha na chumvi inabaki palepale, siku ya kiangazi unaona ardhi imekuwa nyeupe kabisa. Mti mwingine ungekufa. Mchu unaishi kwa sababu mizizi inachuja sehemu kubwa ya chumvi isipande, na ile inayopenya inatolewa nje kupitia majani.

Sasa hapo kwenye majani ndio kipimo cha mwisho. Yamepangwa mawili mawili yanatazamana, umbo la yai lililovutwa, ncha imechongoka kiasi. Juu kijani kinachong'aa, chini weupe wa kijivu kama limepakwa majivu, upepo ukipiga kichaka kizima kinabadilika rangi mara moja. Chuma jani, lilambe upande wa juu. Chumvi! Asubuhi ya kiangazi utaiona hata kwa macho, punje ndogo zinameremeta, ukipitisha kidole zinakwaruza. Kama huonji chumvi na mgongo wa jani sio wa kijivu, hujaupata, rudi kwenye vidole uanze tena.

Unaochanganya watu sana ni mkandaa, maana nao huko nyuma unakuwa kichaka na majani yake yapo mawili mawili. Ila jani la mkandaa lina kijani cha manjanomanjano pande zote mbili, ncha yake mviringo, na msimu wake unaona vijiti virefu vinaning'inia chini, ndio mbegu hizo. Kikandaa majani hayatazamani, yanapishana, ni manene kama yamejaa maji na kwenye ncha kuna kipengele kidogo kama mtu amekata na kucha. Maua yake meupe. Ya mchu ni ya manjano ya chungwa, madogo, petali nne, yamesongamana kwenye ncha za matawi na harufu yake ni tamu, simama karibu utasikia nyuki kabla hujayaona. Matunda yake bapa, kama lozi iliyokandamizwa, ngozi yake laini kama mahameli.

Kabla hujachuma

Mikoko huku kwetu ni misitu ya hifadhi, Kenya iko chini ya KFS na Tanzania bara iko chini ya TFS (ndio mashirika ya serikali ya misitu), na hiyo sio ya juzi, tangu enzi ya mkoloni ilishatangazwa hifadhi. Kukata mti bila kibali ni kesi. Kiganja cha majani hakuna atakayekufunga nacho lakini adabu ni kuuliza, vijiji vingi siku hizi vina kamati za mazingira au vikundi vya kupanda mikoko na wao ndio wanajua sehemu gani imepumzishwa. Gazi, kule Kwale Kenya, kuna mradi wa wanakijiji unaitwa Mikoko Pamoja, wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, yani wanalipwa kwa ile hewa chafu inayofyonzwa na miti, pesa inaingia kwenye maji na shule, wewe ukaingia na panga lako hapo usishangae wanakijiji wakikuzunguka. Kenya nzima mikoko ni kama hekta 61,000 tu na zaidi ya nusu iko Lamu, kwahiyo sio kitu cha kufyeka.

Alafu angalia panapochumwa. Mchu unanyonya kila kinachoingia kwenye tope, madini ya rangi za meli, risasi, shaba, mafuta, na mengine yanapanda mpaka kwenye jani. Karibu na bandari, karakana ya boti, bomba la majitaka, dampo, pita hivi. Hata kama majani yanapendeza vipi.

Na maji. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Niliwahi kuvuka kijito cha maji ya magotini kwenda kuchuma upande wa pili, siku ya bamvua, nikaona bado mapema nikakaa kidogo kupiga picha, naangalia nyuma kile kijito kimeshakuwa mto. Bamvua haijazi polepole kama maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili. Nilirudi simu iko kichwani, viatu kimoja, na majani yote yamekwenda na maji. Kwahiyo nenda maji yanapoanza kupwa, uwe umetoka kabla hayajageuka, na kama hujui saa za maji muulize mvuvi yeyote. Vaa raba za zamani sio ndala, tope linameza ndala na vile vidole vinachoma, na kuna makombe, yale magamba ya chaza, makali kama wembe.

Kuchuma

Ukifika usikanyage vidole. Najua vimejaa kila mahali lakini tafuta njia, weka mguu katikati. Kidole kilichovunjika ni pua iliyozibwa, na mchu ukizibwa pua nyingi unakufa umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana kwenye mkondo wa Mwache kule Mombasa, udongo ukafunika mizizi, na eneo kubwa la mikoko likakauka lote bila mtu kugusa shoka. Ndio ujue mti unaweza kuuawa na vumbi tu.

Chagua vichaka vya urefu wa mtu mmoja hivi au zaidi. Vile vidogo kabisa vya kwenye ardhi nyeupe viache, vinakua taratibu mno na kila jani limegharimu. Kwenye tawi usiguse ncha, hesabu jozi ya kwanza na ya pili acha, chuma ya tatu na ya nne, hapo jani limekomaa ila halijazeeka. Lenye manjano acha, lenye madoa acha. Kichaka kimoja majani kumi, unahamia kingine. Viganja viwili vinatosha kwa kazi zote nitakazozitaja, hakuna haja ya kujaza gunia.

Gome usibandue. Wapo wanaolitaka kwa sababu vitabu vya zamani vinalitaja, na kweli lina tanini, kile kitu cha kukaza ngozi na kutia rangi, lakini hata hiyo tanini mkandaa na mkoko wameizidi mbali, ndio maana wavuvi walipotaka kutia rangi nyavu na matanga walikwenda kwenye mkandaa hawakuja huku. Ukibandua gome kuzunguka shina umeuua mti kwa faida ndogo sana.

Kuosha (usiruke hapa)

Majani ya mchu yana chumvi juu yake, tumeshasema. Sasa mimi nikiwa na miaka kama kumi na mbili nilikuwa na jipu pajani, bibi hayupo, nikajifanya fundi, nikachuma nikaponda nikabandika hapo hapo bila kuosha. Jipu lenyewe lilikuwa limeshapasuka kidogo. Jamani. Nilikimbia kuzunguka nyumba mara mbili na majirani wakatoka nje wakidhani nimeumwa na nyoka. Bibi aliporudi alicheka kwanza ndio akaniosha.

Kwahiyo tia majani kwenye beseni la maji baridi yasiyo na chumvi, sugua jani moja moja kwa kidole gumba pande zote, mwaga. Rudia mara tatu. Maji ya tatu yaonje kwa ncha ya ulimi, kama hayana chumvi umemaliza. Kama unaenda kuyabandika kwenye ngozi yamwagie pia maji yaliyochemka mara moja ya mwisho, maana tope lina vijidudu.

Jipu

Hii ndio kazi niliyoiona mara nyingi zaidi. Majani kumi na tano hivi, twanga kwenye kinu kidogo kisafi mpaka yawe kama mchicha uliopondwa sana, yatakuwa na utelezi na harufu ya majani mabichi yenye chumvi kwa mbali. Weka kwenye kitambaa safi, kipande cha leso ya zamani iliyofuliwa na kupigwa pasi kinafaa, pashia moto kidogo juu ya mvuke wa sufuria, ipime kwenye kiwiko chako isije ikaunguza, alafu bandika juu ya jipu kwa dakika kama kumi na tano. Mara tatu kwa siku, kila mara majani mapya. Usifunge usiku kucha, ngozi inalowana na kuchubuka.

Nikwambie ukweli, sehemu kubwa ya kazi hapo inafanywa na joto. Hata daktari atakwambia ukande jipu kwa kitambaa cha moto, ndio linaiva na kutoa usaha lenyewe. Majani yanaongeza ile hali ya kukaza na kukausha ngozi kwa sababu ya tanini. India nako wanatumia matunda mabichi ya ndugu yake mchu kwa kazi hii hii ya kuivisha majipu, huko hawakufundishwa na bibi yangu.

Usilikamue. Na kuna majipu ambayo sio ya kukaa nayo nyumbani kabisa: lililo usoni hasa karibu na pua au mdomo wa juu au jicho, lenye mstari mwekundu unaotembea kwenye ngozi, lenye homa, la mtoto mchanga, na jipu lolote la mtu mwenye kisukari. Hayo ni hospitali leo, sio kesho.

Maji ya kuogea, kwa harara na kuwashwa

Viganja viwili vya majani yaliyooshwa, maji lita mbili, sufuria ifunikwe, moto wa wastani dakika ishirini. Maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Epua yapoe yenyewe, chuja, na hayo unayatumia kusuuza sehemu yenye harara baada ya kuoga kawaida, yaache yakauke juu ya mwili. Asubuhi na jioni, siku tatu. Yasikae zaidi ya siku moja, yakilala yanachacha na kunuka, mwaga upike mengine.

Kabla ya kujimwagia paka kidogo ndani ya mkono, subiri mpaka kesho. Ikiota wekundu au ikawasha zaidi, basi ngozi yako na mchu hamkuelewana, acha.

Kuhusu upele nataka tuelewane. Ule unaowasha usiku katikati ya vidole na kiunoni, na nyumba nzima mnajikuna, ule ni wadudu wamechimba ndani ya ngozi, maji ya mchu yanatuliza kuwashwa kwa muda ila wadudu wanabaki wanakucheka. Nenda duka la dawa upate ya kupaka, mpake wote nyumbani siku moja, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Bibi mwenyewe alikuwa akiona ni huo anasema huu sio wangu.

Mwiba wa taa

Huku pwani ukitembea kwenye maji machafu ya mchanga siku moja utamkanyaga samaki taa, na ule mwiba wake ukikuingia unaweza kulia kama mtoto. Wenyeji wa Australia wanatafuna majani machanga ya mchu na kubandika kwenye kidonda cha taa, na kwa kuwa mti uko pale pale ufukweni unaelewa kwanini waliufikia. Mimi nisingekushauri kutafuna kitu na kukitia kwenye kidonda, mate yana wadudu wengi kuliko unavyofikiri.

Fanya hivi. Osha kidonda kwa maji safi. Tia mguu kwenye ndoo ya maji ya moto, moto wa kuvumilika, kama nyuzi 45 hivi, na anayepima joto awe mtu mwingine kwa mkono wake kwa sababu wewe kwa maumivu hutojua unajiunguza. Kaa hivyo dakika thelathini mpaka saa moja na nusu, unaongeza maji ya moto yakipoa. Sumu ya taa inaharibika kwa joto, maumivu yanashuka hapo hapo unayaona yanashuka. Kama una majani ya mchu yaliyooshwa yatie kwenye hiyo ndoo ukipenda, hayatadhuru. Kipande cha mwiba kikiwa ndani usikichokonoe, na kama umechomwa kifuani, tumboni au shingoni hata hicho kipande usikiguse, kimbizwa. Hata kama maumivu yameisha nenda ukachomwe sindano ya pepopunda.

Moshi na majivu

Hapa haraka haraka. Kijiti kikavu cha mchu kilichoanguka chenyewe, kikiwekwa kwenye mkaa kinatoa moshi mzito ambao mbu hawaupendi, jioni uani ni sawa, ndani ya chumba walimolala watoto hapana, vifua vyao. Chandarua kinabaki pale pale. Majivu yake watu walikuwa wanafulia enzi sabuni haipatikani, na kuni zake zimechoma chokaa nyingi sana ya nyumba za mawe za pwani hii. Boriti haufai, umepindapinda. Ukikata tawi kavu utaona duara nyingi kama za umri, usizihesabu ukadhani ni miaka, mchu unajitengenezea tabaka nyingi kwa namna yake haufuati mwaka.

Kwanini nakataa kunywa

Narudi kwenye lile la mwanzo. Kwenye magome na majani yake wataalamu wamekuta vitu vingi, tanini, lupeol, asidi ya betulini na wenzake, na vingine vimeonyesha nguvu fulani kwenye vichupa vya maabara. Kichupa sio tumbo. Kutoka pale mpaka kusema kijiko kimoja asubuhi kuna safari ndefu ambayo haijatembewa, kipimo chake hakijulikani, na muuzaji wa mtandaoni hakijui pia.

Alafu fikiria jani lenyewe ni kiwanda cha kutoa chumvi. Mtu mwenye presha au figo mbovu unampa hicho anywe? Mjamzito nae akae mbali kabisa, maana maandishi ya zamani yanataja utomvu wake kama kitu cha kuzuia mimba, iwe kweli iwe si kweli mimi sitaki mtu ajaribu. Matunda nayo ni machungu kweli, waliokuwa wanayala kwa njaa huko Australia walikuwa wanayaloweka muda mrefu na kuyachoma ndio yanalika. Mbuzi na ngamia wanayala majani bila shida, sawa, ila mbuzi anakula hata magazeti.

Ukinunua kwa mtu muulize maswali matatu tu. Mti gani, sehemu gani ya mti, umechuma wapi. Akianza kukwambia "mchanganyiko wa siri" weka pesa yako mfukoni.

Kukausha ya akiba

Majani yaliyooshwa tandaza juu ya ungo au chandarua cha zamani kilichovutwa, kivulini, penye upepo, juani yanageuka kahawia na kubaki na harufu ya nyasi. Yageuze kila siku. Siku ya nne au ya tano likunje jani, likikatika kwa mlio liko tayari, likipinda bado. Tatizo la mchu ni kwamba chumvi iliyobaki ndani ya jani inavuta unyevu wa hewa, kwahiyo ukiyaweka kwenye mfuko wa plastiki baada ya wiki yana ukungu, nimetupa mifuko miwili kabla sijajifunza. Tumia bahasha ya kaki, na yote uiweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na punje chache za mchele mkavu. Andika tarehe. Miezi mitatu ikipita mwaga kwenye shamba la minazi. Makavu ni ya maji ya kuogea tu, kwa jipu tumia mabichi.

Ukitaka wa kwako

Ukiwa na ardhi inayofikiwa na maji ya bahari, au kijito cha maji ya chumvichumvi, panda. Mbegu ya mchu imeshaanza kuota ndani ya ganda kabla haijaanguka, inakuja duniani ikiwa na majani tayari yamekunjwa ndani. Okota zile zilizoanguka chini zenyewe, zenye rangi inayoelekea manjano, tupa zenye tundu la mdudu. Zitie kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, asubuhi utakuta maganda yameachia yanaelea, na mbegu imefunguka kama kiganja.

Usiifukie. Hili ndilo kosa la wapandaji wote wa mara ya kwanza, wanaichimbia shimo kama mhindi inaoza. Ibonyeze tu kwenye tope ile ncha yenye vinyweleo iguse ardhi na majani yabaki juu, nusu ndani nusu nje. Ukianzia kwenye kopo la kitalu jaza tope la pale pale pwani, mwagilia maji ya bahari yaliyochanganywa na ya kisima nusu kwa nusu, na kopo litobolewe chini. Kaa watakuja kukata miche usiku, zungushia chupa ya plastiki iliyokatwa juu na chini mpaka mche uwe na jozi nne za majani, alafu toa hiyo chupa urudi nayo nyumbani.